Kipande cha Nne cha Matope

Mafuta yalitutangulia kwenye mashimo yetu ya makumbi. Tulipofika ufuoni asubuhi ile maji yalikuwa yameshatoka, na matope yote yalikuwa meusi, yanang'aa kama viatu vilivyopigwa rangi. Mikoko ilikuwa imevaa soksi nyeusi hadi magotini. Nyanya aliweka jembe lake chini, akavuta pumzi.

"Hii ni harufu ya stovu," akasema. "Nani amekuja kupika hapa?"

Wengine walisema bomba limepasuka upande wa matangi ya mafuta. Wengine walisema ni meli iliyomwaga uchafu wake na kwenda zake. Sisi hatukujua na mpaka leo sijui. Tulichojua ni kwamba chini ya mafuta yale kulikuwa na makumbi yetu ya miezi mitano.

Sisi ni watu wa Kibokoni, lakini bahari ya Kibokoni ni ya mawe, haifukiki kitu. Makumbi ya nazi yanataka matope, kwa hivyo mashimo yetu yalikuwa nyuma ya Tudor, mwendo wa miguu kupitia viwanja vya Tononoka. Kazi yenyewe si ngumu kuieleza. Unachimba shimo, unajaza makumbi, unaweka mawe juu yasielee, unafunika kwa matope, unaacha miezi sita na zaidi. Nyama ya kumbi inaoza, nyuzi zinabaki. Ndipo unafukua, unaponda kwa kigongo, unapata usumba wa kusokota kamba na kujazia magodoro. Ugumu ni harufu tu. Siku za kufukua tulikuwa tukirudi nyumbani tunapitia vichochoro vya nyuma, kwa sababu wanaume waliokaa barazani walikuwa wakiacha mazungumzo yao kutusindikiza kwa macho na pua.

Tulikuwa wanawake saba, na mimi nilikuwa mdogo wao. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nimemaliza darasa la nane, niko nyumbani. Sikuwa na maneno mengi. Nyanya aliwaambia watu kwamba mimi nimepewa mdomo wa kulia tu, ule mwingine bado uko njiani.

Kulikuwa na desturi kwenye mashimo yale ambayo nilikua nikiiona bila kuambiwa. Mwenzetu asipokuja, kwa sababu anaumwa au amejifungua au yuko eda, shimo lake hufanywa kwanza, kabla ya mashimo ya waliokuja. Huwekewa mawe yaliyoondoka, huongezwa matope palipofukuka, vizuri kuliko unavyofanya lako. Mwenyewe anaweza kuwa ametuma watu waseme, "Langu liacheni, msijisumbue." Kila mgonjwa husema hivyo, na hakuna anayemsikiliza. Akirudi haambiwi neno. Kumwambia ni kumsimbulia, na kwetu mtu anayesimbulia wenzake wema aliowatendea ni afadhali asingewatendea. Mgonjwa huona shimo lake liko sawa, hunyamaza, na siku ya mwenzake naye hufanya vivyo hivyo.

Mwezi mmoja baada ya mafuta akaja bibi mmoja wa ofisi ya mambo ya bahari. Alikuwa mtu wa bara ya pwani, upande wa Kaloleni, Mkristo, umri wake kama thelathini. Alivaa suruali na mabuti ya mpira yaliyomzidi miguu, na hatua ya nne tu buti moja likabaki matopeni, yeye akaendelea na soksi. Mama mmoja wa kundi letu, tuliyemwita mama wa Tononoka kwa kuwa mumewe ni mlinzi wa shule ya huko, naye ni wa Kaloleni, alimwambia kwa upole, "Mwanangu, bahari haivaliwi viatu. Vua hilo la pili pia, usilionee."

Alilivua. Siku ya pili alikuja na leso mpya ya Biashara Street, ngumu kwa wanga, ameifunga juu ya magoti kama sisi. Tukaanza kumwita mwalimu.

Alituambia kazi yake. Ndani ya matope, alisema, mna viumbe wadogo mno, hawaonekani kwa macho, na wako wengi kuliko chembe za mchanga. Wako wanaokula mafuta. Wanayavunjavunja kidogo kidogo mpaka yanakwisha, wala hawalipwi. Lakini hao wanaokula haraka wanahitaji hewa, na pia wanahitaji kitoweo fulani kinachopatikana katika mbolea ya shambani. Chini kidogo tu ya uso wa matope hewa hakuna, ndiyo maana mafuta yakizama yanaweza kukaa miaka. Alitaka kujua kama matope yakipinduliwa kwa jembe, hewa ikaingia, mafuta yatakwisha upesi zaidi.

Nyanya alimsikiliza hadi mwisho. "Na hao wanaoozesha makumbi yetu?"

"Hao ni wengine, nyanya. Wale hawataki hewa. Ukiwafunulia, kazi yao inaharibika."

"Kumbe ni kama watu," Nyanya akasema. "Wako wanaokula barazani na wako wanaokula mlango umefungwa."

Mwalimu alicheka mpaka akaandika maneno hayo kwenye kijitabu chake. Nyanya alipoona yameandikwa, siku ile hakushikika.

Alipima vipande vinne vya matope penye mafuta mengi, kila kimoja hatua tatu kwa tatu, akazungushia vigingi na kamba ya nailoni. Cha kwanza kipinduliwe kwa jembe, shubiri moja kwenda chini, kila maji ya bamvua, yale yanayotoka mbali sana mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Cha pili kinyunyiziwe mbolea bila kupinduliwa. Cha tatu vyote viwili. Cha nne kiachwe. Kwenye vigingi vya cha nne alifunga vitambaa vyekundu.

"Hiki kiacheni kabisa," alisema. "Msijisumbue nacho."

Wanawake wote waliitikia. Nilikuwa nimesimama pale pale na niliona jinsi walivyoitikia, kwa sauti ile ile wanayomwitikia mgonjwa.

Kisha akatafuta mtu wa kuandika daftari. Ofisi yake ilikuwa mbali na alikuwa na fuo nyingine za kutazama, hangeweza kuja kila bamvua. Nyanya akanisukuma mbele kwa kiwiko. "Huyu. Huandika polepole kama anachonga, lakini alichoandika hakifutiki." Nikapewa daftari lenye safu nne na kalamu yenye kifuniko. Nilikuwa sijawahi kupewa kalamu na mtu wa ofisi. Niliibeba ndani ya leso kama yai.

Bamvua la kwanza maji yalitoka saa nne asubuhi. Nilikaa juu ya jiwe, daftari magotini, tayari. Wanawake wakashika majembe yao, na ingawa sote saba tulijua maji hayamsubiri mtu, wakaenda moja kwa moja kwenye kipande cha nne.

Nilifungua mdomo. Mama wa Tononoka alinitazama, akadhani nataka maji ya kunywa, akanionyesha chupa.

Walikipindua chote, kona kwa kona. Walivunja madonge kwa mikono. Hata mbolea walikitilia, ile iliyobaki kwenye mfuko, kwa sababu, nilimsikia Nyanya akisema, si uungwana vitatu vihudumiwe na cha mwenyewe kikae na njaa. Kwao kile kilikuwa kipande cha mwalimu. Hakuwepo, alikuwa safarini, na alishasema msijisumbue. Nini zaidi? Ndipo wakafanya cha kwanza, cha pili na cha tatu, hivyo kama walivyoagizwa, bila kuzidisha wala kupunguza.

Nami nikaandika. Safu ya kwanza, "kimepinduliwa". Ya pili, "mbolea". Ya tatu, "kimepinduliwa, mbolea". Kwenye safu ya nne nilishika kalamu muda mrefu, kisha nikapiga kistari kidogo. Nilijiambia kistari si neno. Nilijiambia pia kwamba nikiandika nimemsimbulia mwalimu kwa niaba ya watu sita, na mmoja wao ni Nyanya. Bamvua la pili nikapiga kistari kingine. Vistari vina tabia moja: cha kwanza kikishakaa, vingine vinakuja vyenyewe.

Katikati ya hayo makumbi yetu yalifika miezi yake tukayafukua. Yalikuwa yameoza sawasawa, nyuzi nzuri, ndefu, lakini zilinuka taa ya chemli. Fundi wa magodoro alichukua shada moja, akalinusa, akalirudisha mkononi mwa Nyanya kwa adabu. "Mama, mtu akilalia hili asivute sigara." Tukasokota kamba tu.

Mwezi wa nne mwalimu alikuja na sanduku la chupa zake, kesho yake ya bamvua kama kawaida yake, maji yakiwa yameshasawazisha alama za majembe. Alichota matope kila kipande, na mara hii hakuondoka upesi. Alikuwa na majibu ya chupa za nyuma. Alikaa nasi juu ya mawe, tukamkatia mahamri.

"Nimeshangaa," alisema. "Cha kwanza mafuta yamepungua vizuri. Cha tatu yamepungua zaidi. Hayo niliyatarajia. Lakini cha nne, ambacho hatukukigusa, ndicho kisafi kuliko vyote."

Wanawake walitazama mahamri yao. Nyanya akasema, "Mola ana mambo yake."

"Kweli, nyanya. Nimepima mara mbili, majibu ni hayo hayo. Basi wiki hii naandika ripoti. Ofisini walikuwa wanangoja kuniambia kazi ya majembe ni ya bure, na sasa itanibidi nikubali. Nitaandika kwamba matope yenye mafuta yaachwe yenyewe, popote, yatajisafisha."

"Popote?" mama wa Tononoka akauliza.

"Popote pwani. Kuna wenzenu wawili watatu ng'ambo ya bara wana hali kama yenu. Nilitaka wapewe majembe na mbolea. Sasa nitawaambia wasubiri."

Nilikuwa nimekaa nyuma yake, karibu kiasi cha kumgusa bega. Daftari lilikuwa magotini pangu. Aliligeukia, akageuza kurasa, akaona vistari vyangu, kimoja kila ukurasa, vimenyooka kama vijiti vya kiberiti. "Kazi safi," akaniambia. "Ungeona madaftari wanayonipa wengine." Akaandika namba zake, akanirudishia nimalize ya siku ile, akasema atalichukua akishapanga chupa.

Nilikuwa naona wanawake wa ng'ambo, nisiowajua, wamekaa kando ya matope yao meusi wakisubiri yajisafishe kwa sababu ya kistari changu. Na nilimwona Nyanya, anakunja pembe ya leso yake, hanitazami. Nilingoja aseme yeye. Asingeweza kusema; ni yeye aliyenifundisha kwamba wema haukohoi.

Nikafungua daftari. Nilirudi ukurasa wa kwanza, kwenye kistari cha kwanza, nikaandika juu yake: "kimepinduliwa, mbolea". Ukurasa wa pili vivyo hivyo. Mkono wangu ni mzito, na kila neno niliandika herufi zote, na yalikuwa mabamvua tisa. Nilipofika la tano nilisikia sanduku la chupa likifungwa. Nilipofika la saba mwalimu alikuwa ameshanawa miguu na kuaga. Alinikuta nimeinama hivyo akadhani bado naandika ya leo, akaniambia atalipitia daftari safari nyingine, namba anazo. Akaondoka.

Nilimaliza la nane nikiwa nimesimama. La tisa niliandika nikitembea, na hilo ndilo neno baya kuliko yote niliyoandika maishani, linapanda mlima.

Nilimfikia Tononoka. Nilikuwa nimejaa matope mpaka mapajani, watoto waliokuwa wakicheza mpira uwanjani wakaacha mpira. Mwalimu alikuwa kwenye duka dogo, ameshika soda, sanduku limewekwa kati ya miguu yake. Nikampa daftari. Nikamwonyesha safu kwa kidole.

Alisoma ukurasa wa kwanza. Akasoma wa pili. Akaweka soda juu ya kaunta.

"Zote tisa?"

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

"Na mbolea?"

Nikatikisa tena.

"Kwa nini?" Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu aliyeambiwa jogoo ametaga.

Hapo nikasema. Sikumbuki nilivyopanga maneno, najua tu kwamba nilisema mengi kuliko niliyowahi kumwambia mgeni. Nilimweleza habari ya asiyekuja, na ya shimo lake linavyofanywa kwanza, na kwamba mgonjwa naye husema msijisumbue. Mwenye duka aliacha kupanga sabuni ili asikie. Nilipomaliza mwalimu alikaa juu ya sanduku lake la chupa, akafunika uso kwa leso. Mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, nami nikawa karibu kulia, kumbe anacheka, na kucheka kwenyewe kulikuwa na kitu kingine ndani yake, kwa sababu alipojifuta macho yalikuwa mekundu.

"Miezi minne," akasema. "Miezi minne mmenitunzia."

Tukarudi pamoja. Maji yalikuwa yameanza kujaa na wanawake walikuwa wanakusanya vyombo. Walipoona ameshika daftari, wote wakawa na shughuli.

"Nyanya," mwalimu akasema, "kipande cha nne mlikilima."

Nyanya alisafisha jembe lake kwa jani, pande zote mbili. "Nani kakwambia?"

Kaa mmoja alipita, akatutazama, akaingia shimoni mwake. Nikasema, "Mimi."

Nyanya alinigeukia. Alinipima kutoka matope ya miguuni mpaka utosini. "Miaka kumi na saba namngoja aseme," akawaambia wenzake, "na siku anayosema anasema mambo ya watu."

Mama wa Tononoka alicheka kwanza, halafu wote, na Nyanya mwenyewe mwisho, bila kupenda. Mwalimu aliwashukuru. Aliwaambia hajawahi kufanyiwa wema kama ule, na kwamba umemharibia kazi yote. Kisha akaeleza upya, safari hii kwa vitu tunavyovijua. Ukiwapa dawa wagonjwa wote wanne na wote wakapona, alisema, utajuaje ni dawa au wangepona wenyewe? Lazima mmoja aachwe.

"Mgonjwa aachwe," Nyanya akasema. "Tukae tumtazame."

"Ndiyo, nyanya."

"Jirani yako anaoza, wewe umeshika jembe, umemtazama."

"Ni matope, nyanya."

"Najua ni matope. Mimi ndiye mwenye matope. Nakwambia mikono haitakubali. Hata ukiwaapisha hawa, siku ambayo mtu anaona kipande kimetupwa, atakitia jembe na hatakwambia."

Mwalimu alitazama maji yanavyopanda kwenye vigingi. Alisema hana njia nyingine. Bila kipande kilichoachwa hawezi kuandika chochote, wala yaachwe wala yapinduliwe, na ofisini hawatampa muda zaidi ya miezi mitatu.

Nyanya akauliza, "Umewahi kugombana na mtu?"

"Nani hajawahi?"

"Basi gombana na sisi. Mtu tuliyenuniana naye shimo lake hatuligusi. Ukimgusia shimo mtu mliyegombana, unamtafuta maneno. Hata makumbi yake yakielea yataelea, hatuyatazami."

Mwalimu alidhani ni mzaha. Sisi hatukucheka, kwa sababu ni kweli tupu. Akauliza watagombania nini. Nyanya akasema hilo asijali, sababu hazikosekani, kwa mfano yeye mwalimu alipokuja mara ya kwanza alipita mbele ya watu wazima na soksi.

Wiki iliyofuata mwalimu alipima kipande cha tano, mbali kidogo, penye mafuta yaliyokuwa hayajaguswa na mtu. Alipogonga kigingi cha mwisho alisimama katikati yetu, hajui aanze vipi. "Nyanya," akasema kwa sauti ndogo, "usumba wenu mbaya."

"Mbaya?"

"Ni mfupi."

Nyanya alivuta leso yake kichwani. Alimjibu kwa muda ambao maji yalisogea hatua mbili. Alimtajia buti lake, alimtajia suruali yake, alimwambia hata hao wadudu wake wasioonekana walimwona wakajificha. Mwalimu alisimama ameuma midomo. Nyanya alipomaliza alinong'ona, "Kaza uso, mwanangu, watu hawataamini," kisha akampa mgongo.

Kwa miezi mitatu hawakusalimiana. Mwalimu alikuwa akifika na chupa zake, anasema "Sabalkheri" kwa wote, nasi tunamjibu, ila Nyanya anatazama Kisauni, upande wa pili wa maji. Mahamri yake mwalimu aliyapokea kupitia kwangu, yamefungwa kwenye karatasi, bila salamu. Vipande vitatu vya kwanza tulivifanya kama kawaida. Cha tano kilikaa katikati ya ufuo, cheusi, kinanuka, na wanawake walikizunguka kwa mbali wakinyanyua leso zao. Niliandika kistari kila bamvua, na kila kistari kilikuwa kweli.

Chupa za mwisho zilionyesha alichokuwa akikitafuta. Cha tano kilikuwa karibu kama kilivyokuwa siku ya kwanza, vile vilivyopinduliwa vimepungukiwa mno na mafuta. Aliniambia mimi kwanza, akanionyesha namba, kisha akatembea hadi alipokaa Nyanya, akapiga magoti matopeni.

"Nyanya, nimekuja tupatane. Ripoti naandika kesho. Wenzenu wa ng'ambo watapata majembe."

Nyanya aliendelea kutazama Kisauni.

"Nyanya, usumba wenu ni mrefu."

"Mrefu kiasi gani?"

"Mrefu sana."

Nyanya alisimama, akajikung'uta, akachukua jembe la aliyekuwa karibu, ambaye alikuwa mimi. Alikwishaanza kwenda kwenye kipande cha tano, haraka, mtu mzima yule, na alipofika alikata kamba ya nailoni kwa ncha ya jembe bila kuinama kuifungua.